Resista gani kwa LED gani: nyekundu, kijani, bluu na nyeupe kwa 5V, 9V na ya gari

Wacha nianze na jibu ndio wale wako na haraka waende zao. LED ni ile taa ndogo ya kielektroniki, resista ni kile kipande kinachozuia stima isipite nyingi, namba zake ni omu, na k ni elfu. Ukitumia 5V, kama ile ya chaja ya simu, weka resista ya 330 kwa nyekundu na njano, alafu 180 kwa bluu, nyeupe na ile kijani ya kisasa. Betri ya 9V, 680 kwa nyekundu na 560 kwa bluu, na kama 560 imeisha dukani weka 680 kwa zote, hutaona tofauti. Gari ya 12V, weka 1.2k kwa rangi yoyote ile na uende ukalale. Hapo kila LED inapata karibu miliampia 10 (kipimo cha stima inayopita, elfu moja ni ampia moja), nusu ya zile 20 ambazo LED nyingi za milimita 5 zimeandikiwa kama mwisho wa kuwaka bila kupumzika, na kwa matumizi mengi hiyo nusu inatosha kabisa, wengi wanasukuma mpaka 20 na mwangaza hauongezeki venye walikuwa wanafikiria, joto ndio linaongezeka.

Sasa angalia hizo namba tena polepole. Kwa 5V nyekundu inataka resista karibu mara mbili ya bluu, kwa 9V tofauti ishapungua, kwa gari imepotea kabisa. Kwa hivyo ukiuliza "LED ya bluu inatumia resista ya ngapi" hakuna mtu anaweza kukujibu kabla hajajua volti ngapi zinabaki LED ikishachukua zake. Zikibaki nyingi, rangi haina maana sana. Zikibaki kidogo, rangi ndio kila kitu.

Na hapa ndio watu hupotea, juu kila mtu amesikia namba moja mahali na anaitumia kila pahali. Ukienda Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki Nairobi, uambie msee wa kaunta "boss, nipee resista za LED," atakuuliza "za ngapi?" na ukibaki umetoa macho atakupea 220 ama 1k, inategemea ni droo gani imejaa siku hiyo. Simlaumu, hajui unaenda kuweka wapi. Lakini hizo mbili si kitu kimoja hata kidogo, wacha tuziweke kando kwa kando, nyekundu nikiihesabu kama LED ya volti 2 na bluu ya volti 3.2:

220 kwa 5V: nyekundu miliampia 13.6, bluu 8.2. Poa.
220 kwa 9V: nyekundu karibu 32, bluu 26. Zimepita kiwango zote.
220 kwa gari ikiwa inanguruma (14.4V): nyekundu 56, bluu 51. Hapo LED inaenda na resista yenyewe inaungua.
1k kwa 5V: nyekundu 3, bluu 1.8. Mwangaza mdogo lakini unaonekana.
1k kwa 9V: nyekundu 7, bluu 5.8. Poa.
1k kwa gari: nyekundu 12.4, bluu 11.2. Poa sana.

Kwa hivyo ukilazimishwa kubeba aina moja tu mfukoni, beba 1k. Haitakupea mwangaza mkubwa kwa 5V lakini haitakuchomea kitu mpaka ufike zile gari za 24V, na hizo nitazifikia. 220 ilipata umaarufu juu ya Arduino, ile bodi ndogo ya kuprogramu, ambayo nyingi ni 5V, na kwa Arduino iko sawa, shida ni mtu akitoka nayo hapo aende nayo kwa betri ya pikipiki.

Haya, mbona rangi zichukue volti tofauti? Si juu ya plastiki. Kile kipande kidogo ndani kimetengenezwa na madini tofauti, na rangi inatokana na nguvu ya kila chembe ya mwanga inayotoka. Mwanga mwekundu una mawimbi marefu, kama nanomita 630, na chembe yake inabeba nguvu ndogo, wa bluu ni kama 465 na chembe yake ina nguvu zaidi, na hiyo nguvu lazima itoke kwa volti. LED nyekundu ndio ilikuja mapema, 1962 Nick Holonyak alikuwa ashawasha moja kule Marekani, na bluu kali ya kuuzwa ikangoja mpaka miaka ya 1990 ndio Shuji Nakamura akaiweza Japani, na mwaka wa 2014 akapewa Nobeli ya fizikia pamoja na Akasaki na Amano. Nyeupe nayo ni bluu tu iliyopakwa unga wa njano juu, angalia LED nyeupe ikiwa imezimwa utaona huo unjano, kwa hivyo kwa mambo ya resista nyeupe ni bluu, usiisumbukie.

Kwa kawaida nyekundu inakula volti 1.8 mpaka 2.2, njano na machungwa ziko hapo hapo ama juu kidogo, bluu na nyeupe 3.0 mpaka 3.4. Zile za rimoti ambazo macho hayaoni zinakula kidogo kabisa, 1.2 mpaka 1.5.

Kijani nimeiacha kando makusudi. Kuna kijani mbili sokoni na zinauzwa kwa jina moja. Ile ya zamani, ambayo kijani yake inaelekea kwa njano na iko kwa redio za kitambo na chaja nyingi, inakula karibu 2.1, yaani ni ndugu ya nyekundu. Ile ya kisasa, kijani safi kama ya taa za barabarani, inakula 3.0 mpaka 3.4, ni ndugu ya bluu. Ukiwa kwa 5V na uweke 180 kwa ile ya zamani ukidhani ni ya kisasa inapata karibu 16, haitakufa, lakini resista ya 68 kwa betri ya lithiamu ya 4.2V (nitaifikia) na kijani ya zamani ni karibu 31, na hapo umepita. Na usiangalie plastiki ya nje, siku hizi nyingi zinakuja na plastiki nyeupe kama maji, hujui ni rangi gani mpaka iwake.

Njia ya kujua ni rahisi na haitaki datashiti, ile karatasi ya vipimo ya mtengenezaji. Chukua betri ya 9V, resista ya 1k, na LED, ziunganishe moja nyuma ya nyingine, mguu mrefu wa LED upande wa chanya, alafu pima volti kwa miguu miwili ya LED na multimita. Ukisoma 1.9 ama 2.1 iko kundi la nyekundu, ukisoma 2.9 ama 3.1 iko kundi la bluu. Hakuna rangi itaungua hapo, juu 1k kwa 9V haiwezi kupitisha hata miliampia 8. Kuna wale hutumia ile alama ya dayodi kwa multimita, inafanya kazi kwa nyekundu, lakini multimita zingine hazina volti za kutosha kuamsha bluu kwa hivyo utadhani imekufa na iko mzima, na unaitupa.

Ukishapata hiyo namba hesabu ni ya darasa la sita. Chukua volti za chanzo, toa volti za LED, zilizobaki gawa kwa ampia unazotaka. 5 toa 2 ni 3, gawa kwa 0.01 (ndio miliampia 10) ni 300, na juu 300 si rahisi kuipata unaenda kwa inayofuata juu yake, 330. Zile za kawaida dukani zinaenda hivi, 10, 12, 15, 18, 22, 27, 33, 39, 47, 56, 68, 82, alafu unaongeza sufuri. Ukikosa kamili panda juu, usishuke.

Sasa nikae kidogo kwa betri ya lithiamu, ile ya 18650 watu wanatoa kwa laptopu zilizokufa, juu hapa ndio tofauti ya rangi inauma. Ikijaa iko 4.2, ikitumika inashuka. Weka nyekundu na resista ya 150, na kando yake nyeupe na resista ya 68. Betri ikiwa imejaa zote mbili zinapata karibu 14.7, sawa sawa. Betri ikifika 3.5 nyekundu bado iko 10, huwezi hata kugundua imeshuka. Nyeupe iko kama 4, ishafifia. Resista si mbaya, ni vile nyeupe ilikuwa imebakisha volti moja tu ya kuchezea na sasa imebaki na pointi tatu. Kwa hivyo kama unatengeneza taa ya kuonyesha kitu kiko hewani na inatumia lithiamu, chagua nyekundu ama njano, usilazimishe bluu juu ni maridadi. Kama lazima iwe nyeupe, tuseme ni tochi, basi kubali itafifia ama ununue ile bodi ndogo ya kupandisha volti mpaka 5 ndio urudi kwa hesabu ya 5V.

3.3V ya ESP32, bodi ingine ndogo ya kuprogramu, ni mbaya zaidi. Nyekundu na 150 inapata 8.7, safi. Bluu imebaki na pointi moja ya volti, yaani hakuna kitu. Itawaka kidogo, ingine itawaka vizuri kuliko ingine hata zikitoka kwa pakiti moja, na hapo resista ya 10 ama ya 100 yote ni kubahatisha. Ukitaka bluu kwa ESP32, toa stima kwa ile pini ya 5V, pitishia kwa transista kama BC547 (inafanya kazi ya swichi), weka 1k kati ya pini ya ESP32 na mguu wa katikati wa transista, na LED iwe na ile 180 yake ya kawaida. Ni vitu vya shilingi chache na inawaka vile inafaa.

Wengine watauliza, mbona zile taa ndogo za betri ya saa, CR2032, hazina resista na haziungui? Hiyo betri yenyewe ni dhaifu, ndani yake ina ukinzani unaozuia, na iko na volti 3 tu. Usichukue hiyo kama ruhusa ya kuacha resista kwa betri kubwa. LED si kama balbu ya kitambo, ukiongeza volti kidogo sana ampia zinaruka, na ikipata joto volti zake zinashuka kwa hivyo inavuta zaidi, inapata joto zaidi, mpaka mwisho.

Gari sasa. Hii ni Nairobi, kila mtu ako na rafiki anafanya taa za matatu. Kitu cha kwanza, 12V si 12. Injini ikiwaka altaneta inasukuma mpaka karibu 14.4, kwa hivyo fanya hesabu na 14.4, si na ile imeandikwa kwa betri. Kwa LED moja moja nishasema 1.2k, nyekundu 10.3 na bluu 9.3, nani ataona hiyo tofauti? Ukitaka kuifikisha 20, nyekundu itataka 620 na resista itakuwa inakula karibu robo wati, na hizo ndogo za kawaida ndio mwisho wake, zitachemka zibadilike rangi. Lakini LED moja na resista moja kwa gari ni kupoteza stima, karibu volti 12 zote zinaishia joto. Ziunganishe moja nyuma ya nyingine. Nyeupe au bluu tatu zinachukua 9.6, weka 270, unapata karibu 9 injini ikiwa imezimwa na karibu 18 ikiwaka. Nyekundu nne zinachukua 8, weka 390, unapata 10 na 16. Unaona hapo tena? Nyekundu inatulia, nyeupe inaruka mara mbili, juu nyeupe tatu zimebakisha volti kidogo. Ukitaka nyeupe itulie weka mbili badala ya tatu, na resista ya 470, hapo ni kama 12 na 17. Zile taa za mkanda za 12V zimekatwa kwa vipande vya LED tatu na resista yake kwa sababu hiyo hiyo ya kuokoa stima, na ndio maana unaambiwa ukate pale pana alama.

Alafu 24V. Mabasi madogo mengi ya Isuzu, zile nganya kubwa za Rongai na kwingine, ni za 24V, na injini ikiwaka inafika karibu 28.8. Hiyo 1k yangu ya mfukoni hapo inapitisha karibu 27 na inakula wati 0.7, itatoa moshi. Hapo tumia nyekundu saba kwa mstari na resista ya 1k, ama nyeupe tano na 820, ziko karibu 15 zote mbili gari ikiwaka, na resista inabaki chini ya robo wati.

Tumeongea ampia tu na macho hayaoni ampia. Macho yetu yanapenda kijani kuliko rangi zote, na bluu na kijani za kisasa zinatoa mwanga mwingi kwa stima kidogo sana, kwa hivyo ukizipa rangi zote miliampia 10 hazitaonekana sawa. Nyekundu ya bei rahisi yenye plastiki ya ukungu itakuwa ya kawaida, bluu itakuwa inakudunga macho. Kwa taa ya kuonyesha tu kitu kimewaka, kwa 5V, mimi naweka nyekundu 330 mpaka 470, na bluu naweka 4.7k. Ndio, elfu nne mia saba, ambayo inapitisha chini ya nusu miliampia, na usiku bado unaiona kutoka upande ule mwingine wa nyumba. Kama umewahi kulala bedsita moja na kifaa chenye LED ya bluu unajua naongea nini, watu huibandika selotepu nyeusi na shida ilikuwa tu resista.

Kwa LED ya rangi tatu, ile ya miguu minne, kila rangi inataka resista yake. Kuna watu huweka moja kwa ule mguu wa pamoja ndio waokoe mbili, na ikiwashwa nyekundu na bluu pamoja nyekundu inachukua stima yote juu yenyewe inafunguka kwa volti 2, ni kama kualika yule jamaa anafika kwa sufuria kabla wengine hawajanawa. Bluu inabaki giza kabisa. Vile vile usiweke LED za rangi tofauti sambamba kwa resista moja. Za rangi moja nazo zinaweza kuonekana ziko sawa mwanzoni, lakini moja huwa inavuta kidogo zaidi, inachoka mapema, alafu zile zimebaki zinabeba mzigo wake. Kwa hiyo LED ya rangi tatu kwa 5V anza na 330, 180, 180, na kama nyeupe yake inaonekana kijani kijani, panda resista ya kijani polepole, 270, 390, mpaka ikae.

Stima ya ukutani, 240V, sitakupa namba ya resista. Kwa miliampia 20 resista ingekuwa inakula karibu wati 5, kama pasi ndogo ndani ya boksi, na stima ikigeuka upande ule mwingine LED inapata volti mia kadhaa kinyume wakati nyingi zimeandikiwa 5 tu. Nunua chaja ya simu ufanye kazi na 5V.

Ukienda kununua, chukua za robo wati kumi kumi za 180, 330, 680, 1.2k na 4.7k, hizo tano zinafunika karibu kila kitu nimesema isipokuwa zile za mistari ya gari, za lithiamu na ESP32, na ile 1k ya kupimia. Nyingi siku hizi ni zile za bluu zenye mistari mitano, 330 inakuwa machungwa machungwa nyeusi nyeusi alafu ule wa mwisho kahawia, na machungwa na kahawia chini ya taa za duka ni kizungumkuti, kwa hivyo beba multimita na upime moja kutoka kwa kila pakiti kabla hujalipa, wauzaji wengi hawakatai.